Nilivyompeleka Zaina Kwenye Bembea za Tanga

Tangu turudi, kila ninayekutana naye sokoni Soni ananiuliza swali moja: "Mgosi," yaani bwana kwa Kishambaa chetu, "mtoto alizipanda zile bembea?" Nikisema ndiyo nitakuwa mwongo, na nikisema hapana nitakuwa mwongo vilevile. Nimeona heri niandike yote, anayetaka kujua asome, na mimi nirudi kwenye kabichi zangu.

Kwa asiyemfahamu, Zaina ni mwanangu wa kwanza. Umri wa kuanza shule ameufikia, lakini mwalimu mkuu alikaa naye asubuhi moja tu, akatuambia tujaribu mwakani. Hasemi kama watoto wengine. Ukimwambia neno, anakurudishia mkia wake, kama bonde linavyorudisha sauti. Hospitalini walimpima masikio, wakasema ni mazima. Mama mkwe wangu anasema ni mashetani. Mimi sijui ni nini. Ninachojua ni kwamba hapendi kelele, hapendi mikono ya watu, na anapenda kupita kiasi kitu chochote kinachozunguka. Pale Soni huwa anasimama mbele ya cherehani ya fundi, macho kwenye gurudumu, mpaka fundi anafunga duka.

Dada yangu Mwanaisha, aliyeolewa Tanga, ndiye aliyeleta habari. Alikuja kwetu sikukuu ya Idi akasema kuna Mhindi ataleta bembea za mashine kwenye maonyesho ya Sabasaba: farasi wa mbao wanaozunguka na watoto mgongoni, taa juu, muziki ndani.

"Mlete Zaina," alisema. "Huenda furaha ikamfungua ulimi."

Mke wangu alikuwa na kichanga, hakuweza kusafiri. "Mpeleke wewe," akaniambia.

"Peke yangu?"

"Kwani si mwanao?"

Basi nikampeleka.

Kushuka Mombo

Tulipanda basi la asubuhi, ukungu umelala barabarani. Zaina alikuwa amevaa sweta mbili, maana baridi ya mwezi wa saba huku kwetu haina mchezo. Mama yake alitufungia viazi vya kuchemsha vilivyomenywa. Zaina hali chakula ambacho si cheupe. Harage moja likigusa wali, sahani nzima imeharibika.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vurugu, lakini haikutokea. Kona zile za mlimani, ambazo huwatapisha watu wazima, yeye zilimchekesha. Kila dereva alipokata kona, Zaina alicheka kwa sauti, mpaka kondakta naye akawa anacheka. Nikajisemea, kumbe safari yenyewe nyepesi.

Mombo joto lilitupokea mlangoni mwa basi. Zaina akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akavua gauni, na kabla sijashusha mzigo alikuwa amebaki kama alivyozaliwa, katikati ya stendi. Mama mmoja muuza vitumbua akaacha kikaango.

"Mgosi, mvishe mtoto!"

"Hataki, mama."

"Mtoto hataki, na wewe baba mzima unamwacha?"

Nilijaribu gauni, akapiga kelele. Nilijaribu tena, akajilaza chini. Mama yule akachomoa kanga yake ya mabegani, akamrushia kwa mbali, kama mtu anayemfunika kuku. Ajabu, Zaina aliipokea akajizungushia mwenyewe. Nilipotaka kuirudisha, mama yule akakataa.

"Nenda nayo. Ukimvua hiyo, mtalala hapa."

Sikuwa nimemwomba wala sikumjua jina. Nilimshukuru, naye akarudi kwenye vitumbua vyake akiwa bado ananitazama kwa jicho baya.

Kituoni

Treni ya Tanga ilikuwa haijafika. Nilimwuliza mkuu wa kituo iko wapi.

"Iko njiani."

"Njiani wapi, ndugu?"

"Njiani hukohuko inakotoka."

Nikarudi kuketi. Jua likapanda, likaanza kushuka, na kila niliyemwuliza alinijibu iko njiani. Zaina hakujali. Alipata nguzo moja ya jukwaa akawa anaizunguka, mkono mmoja kwenye nguzo, huku akiimba wimbo wake usio na maneno. Abiria walimtazama, wakanitazama mimi. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu akaniuliza nampeleka mtoto hospitali gani.

"Hapana, mzee wangu. Nampeleka kucheza."

"Kucheza?"

"Kwenye bembea."

Aliigeukia ile nguzo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Lakini mbona anacheza tayari?"

Nilimtazama Zaina akizunguka nguzo yake, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza safari hii ni ya nani.

Treni ilipoingia ikilia breki, nilimkimbilia nikidhani atapasuka kwa hofu. Hakushtuka hata kidogo. Chuma kile kizima kilipiga kelele mbele ya uso wake, naye akasimama kimya akiyatazama magurudumu. Tulipoingia ndani, jogoo mmoja aliyekuwa kwenye tenga akawika mara moja, na hapo ndipo Zaina alipopiga ukelele wa kuwafanya watu wajitokeze madirishani. Treni hapana, jogoo ndiyo. Mpaka leo sielewi.

Ndani ya treni

Mwenye jogoo alikuwa bibi mmoja wa Kidigo, Bi Tatu, aliyekuwa akirudi kwake Tanga kutoka kumwangalia mwanawe. Alilifunika tenga kwa mkeka, jogoo akanyamaza, Zaina akanyamaza. Tukaketi tukitazamana.

"Mtoto, shikamoo yako iko wapi?" akauliza Bi Tatu.

"Iko wapi," akajibu Zaina.

"Nakuuliza wewe!"

"Wewe."

Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Huko kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa, aibu ni ya wazazi. Nikaanza kueleza, lakini bibi alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi.

"Mtoto wa mlimani huyu ana ulimi! Atakuwa mbunge."

Nikaacha kueleza. Kwa saa ile moja mwanangu alikuwa mtoto mjanja tu, na sikuona sababu ya kumharibia.

Muheza wauza machungwa waliizunguka treni, na Bi Tatu akanunua kapu zima la kumpelekea mkwewe. Akamenya moja, ganda likatoka refu bila kukatika, akampa Zaina lile chungwa. Zaina hakulitaka. Alitaka ganda. Akalilaza juu ya benchi, likajikunja kama lilivyokuwa. Bibi akamenya la pili ajiburudishe mwenyewe, Zaina akachukua ganda akalilaza kando ya lile la kwanza. Mengine aliyaokota chini kwa abiria wengine, akayapanga mstari mmoja, yote yakitazama upande mmoja.

Abiria mmoja aliyepanda hapohapo Muheza aliona benchi limejaa taka. Kwa nia njema kabisa, akayakusanya maganda yote kwa kiganja, akayatupa dirishani.

Sina maneno ya kueleza kilio kile. Hakikuwa cha hasira. Kilikuwa kama cha mtu aliyefiwa. Nilimwomba, nikamwimbia, nikampa kiazi, akakitupa. Yule aliyetupa akawa anaapa kwamba hakujua, na watu wa behewa la pili wakaja kuuliza nani kafa. Hapo Bi Tatu akavuta kapu lake, akatoa kisu, akaanza kumenya. Alimenya moja, akaweka ganda mahali pa lile la kwanza. Akamenya la pili. Zaina akawa analia huku anatazama. Kufika ganda la tano au la sita akawa anatazama tu, na baadaye akawa anayanyoosha mwenyewe.

"Lakini bibi, machungwa ya mkweo," nikasema.

"Yakishamenywa hayafiki. Kuleni!"

Behewa zima tulikula machungwa mpaka Tanga, hata yule aliyetupa maganda, tukidondosha maji kwenye magoti. Bi Tatu aliteremka na kapu tupu na jogoo wake, akasema, "Mbunge, kwaheri."

"Kwaheri," akajibu Zaina. Bibi hakujua kwamba hilo halikuwa jibu.

Kwa Mwanaisha

Dada yangu alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na amewaalika mawifi zake waje wamwone mtoto wa kaka. Nyumba ilijaa. Kila mmoja alitaka kumbusu Zaina. Alipobusiwa na wa pili aliingia mvunguni mwa kitanda, na huko alikaa.

Mwanaisha alisukuma sahani mvunguni. Mchuzi ulikuwa umegusa wali, na sahani ikarudi nzima.

"Amekataa chakula changu," akasema dada, na nikaona ameumia kweli. "Mbele ya mawifi zangu."

"Si chako, Mwanaisha. Ni mchuzi."

"Mchuzi nimeupika mimi."

Nilijaribu kumweleza habari ya vyakula vyeupe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona napungukiwa na akili. Mwishowe alipakua wali mtupu, akaupeleka mwenyewe kwa magoti. Tukasikia kijiko. Dada akaketi hapohapo sakafuni, asiondoke mpaka kijiko kiliponyamaza, kisha akaniambia, "Kesho kwenye bembea utamwona atakavyobadilika."

Nilitaka sana kumwamini.

Getini

Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa watu toka mikoa yote: vijana wenye sare wakipiga tarumbeta, matrekta yamefungwa vitambaa, vipaza sauti viwili vikihutubia kuhusu kilimo cha ujamaa, kila kimoja na hotuba yake. Juu ya vichwa vya watu niliona paa la bembea ya farasi, jekundu na jeupe, likizunguka.

"Nisubirini hapa," akasema Mwanaisha. "Nikaulize foleni iko wapi." Akazama katika watu.

Zaina aliyaziba masikio. Halafu kipaza sauti kikapiga mluzi, ule mluzi mkali wa chombo kilichoharibika, na mwanangu akaanguka chini kama aliyepigwa. Alijipiga kichwa ardhini. Sikufikiri. Nilimwinua nikakimbia kumtoa pale, naye akanipiga mateke, akaniuma bega, akapiga kelele hata kipaza sauti hakikusikika.

Sasa jiwekeni mahali pa watu wale. Mwanamume mgeni, shati limechanika, anakimbia kutoka uwanjani na mtoto wa kike anayepigana naye.

Mmoja akasema, "Mtoto wa nani huyo?"

Mwingine akasema, "Anamwiba!"

Na sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Mumiani! Shikeni mumiani!"

Mnajua neno hilo lilivyo. Tumelisikia tangu utoto, watu wanaoiba watu ili wawanyonye damu. Sikuwahi kudhani siku moja litaitwa juu yangu. Nilishikwa shati, nikashikwa mikono, kofi la kwanza likanipata shavuni. Nilichokumbuka ni kutomwachia Zaina. Kama si mgambo wawili waliopasua watu kwa virungu, sidhani kama ningekuwa naandika haya.

Chumba cha mgambo

Walituingiza kwenye chumba kidogo kando ya geti, chenye meza, mabenchi na feni ya mezani. Watu walijazana dirishani. Kiongozi wa mgambo alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, wenzake walimwita Afande Ramadhani.

"Ndugu, mtoto huyu ni wako?"

"Ni wangu, afande. Anaitwa Zaina. Nipo hapa na dada yangu."

"Dada yako yuko wapi?"

"Alikuwa hapa."

Watu wa dirishani wakaguna. Afande akainama mbele ya Zaina, aliyekuwa amekaa pembeni ya benchi akihema.

"Usiogope, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Nani," akasema Zaina.

"Huyu ni nani?"

"Ni nani."

"Huyu ni baba yako?"

"Baba yako," akasema Zaina, akimtazama afande vifungo.

Dirishani kukalipuka. "Mmesikia? Hamjui! Anasema si baba yake!" Nilijaribu kueleza kwamba hivyo ndivyo anavyosema, kwamba anarudisha maneno, lakini hata mimi niliposikia maelezo yangu yalinukia uongo. Mtoto gani ana miaka hiyo hamjui baba yake?

Nitawaambia jambo moja ambalo sikumwambia mtu yeyote chumbani mle. Zaina hajawahi kuniita baba, si kwa Kiswahili wala kwa Kishambaa. Niliposimama pale nikisubiri anitambue, sikuwa na hakika kwamba anaweza. Sikujua kama mimi kwake ni baba, au ni mtu mrefu anayelala nyumba moja naye.

Afande akasema, "Tumwache. Mtoto huenda kwa anayemjua." Akaniamuru nisimame ukutani nisimwite. Mgambo wa pili, binti, akasimama ukuta wa pili. Watu wakabanana dirishani.

Zaina alishuka kwenye benchi. Akanipita. Akampita binti. Akaenda mpaka kwenye feni, akasimama pua karibu na wavu, akaanza kuimba wimbo wake.

"Haya," akasema mtu dirishani. "Baba yake ni feni."

Walicheka, na mimi machozi yakanitoka. Nilianza kufikiri nitamwambia nini mama yake. Kwamba nilitoka na mtoto akarudi bila mimi, au nilirudi mimi bila mtoto?

Ndipo umeme ukakatika.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Vipaza sauti vikazimika, na uwanja mzima ukapiga kelele moja kubwa, kama watu wapigavyo taa zikizimwa. Zaina akaruka. Binti wa mgambo, aliyekuwa karibu zaidi, akamnyooshea mikono amkumbatie. Zaina alimkwepa. Alikuja kinyumenyume, bila kunitazama hata mara moja, mpaka mgongo wake ukanigonga mapajani. Nikachuchumaa. Akaishika mikono yangu yote miwili, mmoja mmoja, akaiweka juu ya masikio yake, akaikandamiza. Pumzi zake zikaanza kushuka.

Tulikaa hivyo. Kelele za nje sijui ziliisha lini.

Afande Ramadhani alituangalia, kisha akaenda dirishani. "Tawanyikeni," akasema. "Mtoto hamwendei mgeni kwa mgongo."

Alinipa maji ya kunawa uso. Mwanaisha ndipo akafika, kilemba kimelegea, akilia, na alipoona shavu langu lilivyovimba akawageukia mgambo kwa maneno ambayo sitayaandika.

Kwenye farasi

Nilitaka kurudi nyumbani siku ileile. Afande ndiye aliyetushauri. "Njooni kesho asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa. Hakuna muziki saa hizo."

Tulikuta uwanja mtupu, umande kwenye majani. Mwenye bembea, kijana wa Kihindi aliyekuwa akipaka grisi mashine yake, alimsikiliza afande akakubali. Nikambeba Zaina nikamkalisha kwenye farasi mweupe. Nilichagua mweupe makusudi. Akateremka. Nikamkalisha tena. Akateremka tena, safari hii kwa hasira.

"Anaogopa?" akauliza mwenye bembea.

"Sijui," nikamjibu, na lilikuwa jibu langu la kweli zaidi safari nzima.

Zaina akatembea hatua chache, akalala chali kwenye nyasi, uso juu. Akangoja. Tulitazamana sote, mimi, dada, afande, na yule mwenye mashine. Halafu mwenye mashine akacheka kidogo, akavuta mkono wa chuma, na farasi wote wakaanza kuzunguka bila mtu mgongoni.

Zaina alicheka. Alipiga miguu yake kwenye majani yenye maji, mikono yake ikapepea, akacheka mpaka akakosa pumzi. Mwanaisha alipanda farasi mmoja kumwonyesha, akawa anapita akimpungia na kuita, "Zaina, shangazi huyu hapa!" Sijui kama Zaina alimwona. Alikuwa akitazama lile paa.

Kwa hiyo anayeuliza kama alizipanda, nadhani sasa ameelewa taabu yangu ya kujibu. Hakusema neno jipya hata moja. Ulimi haukufunguka. Na sijawahi kumwona mtu akifurahi vile.

Kupanda mlima

Treni ya kurudi ilifika kwa wakati, nami sikuamini mpaka tulipoingia. Mombo nilimtafuta yule mama wa vitumbua ili nimrudishie kanga, nikaambiwa siku hiyo hakuja.

Basi la kupanda lilifika karibu na Soni likasimama. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani, na dereva akatuomba tushuke tupite kwa miguu, yeye apitishe basi tupu taratibu. Ukungu ulikuwa umerudi. Nilimvika Zaina sweta zake, akakubali.

Nilikuwa na mizigo mikono yote miwili, sikuweza kumshika. Alitangulia. Alipita kwenye udongo, akaendelea na barabara peke yake, umbo dogo katika ukungu, na mimi nikaogopa kumwita kwa sababu sikujua kama jina lake likiitwa linamsimamisha au linamkimbiza.

Mbele kidogo akasimama. Akageuka, akatazama tulikotoka. Nyuma yangu basi lilikuwa linavuka tope, magurudumu yakizunguka palepale. Ama alinitazama mimi, ama alitazama magurudumu, sikuweza kujua kwa umbali ule.

Niliweka mizigo chini, nikampungia.